Saa 26 za darasani Hanoi: je, ni kazi nyepesi?

SWALI: "Habari za kazi. Ninafundisha Kiingereza katika sekondari ya binafsi hapa Moshi, huu ni mwaka wa nne, na nina shahada ya ualimu. Nimepata nafasi kwenye kituo cha lugha Hanoi, Vietnam. Ratiba yao iko hivi: Jumanne hadi Ijumaa asubuhi nafundisha chekechea saa 2:30 hadi 4:30, halafu jioni kituoni kuanzia saa 11:45 hadi saa 3:00 usiku, madarasa mawili ya dakika 90. Jumamosi na Jumapili ni asubuhi tu, madarasa mawili. Jumatatu mapumziko. Jumla saa 26, dola 15 kwa saa. Hapa nina vipindi 28 kwa wiki, kwa hiyo naona kazi itapungua, na ile nafasi ya mchana nataka kuijaza kwa kufundisha mtandaoni niongeze kipato. Mke wangu anasema nitachoka. Rafiki aliyewahi kufundisha huko anasema kitakachonishinda ni sauti. Pia wakala anataka niondoke na viza ya utalii, kibali cha kazi kifuate nikiwa huko. Naomba ushauri wa kweli: nikubali au nikatae?"

JIBU: Mwalimu, hongera kwa kupata nafasi, na hongera zaidi kwa kuuliza kabla ya kusaini. Mke wako ana hoja, rafiki yako ana hoja, na suala la viza ni zito kuliko yote mawili. Nitalifikia. Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo ulipoteleza.

Vipindi vyako 28 vya Moshi ni vya dakika 40. Ukivijumlisha unapata saa 18 na dakika 40. Saa 26 za Hanoi, kwa ratiba uliyoiandika, ni saa za dakika 60 kamili: nane za chekechea, kumi na mbili za jioni, sita za mwisho wa wiki. Kwa hiyo kazi haipungui. Unaongeza saa saba na dakika ishirini za kusimama mbele ya wanafunzi kila wiki, na hapo bado hujagusa andalio la somo.

Sasa weka na yale yasiyolipwa. Una madarasa 12 ya dakika 90 kwa wiki. Mwalimu mgeni kwenye kitabu kipya hawezi kuandaa darasa moja vizuri chini ya dakika 45 katika miezi ya kwanza, kwa hiyo hizo ni saa tisa. Chekechea mara nyingi unarudia somo lilelile kwa makundi manne ya nusu saa, basi saa mbili za maandalizi zinatosha. Usafiri tuukadirie dakika 35 kwenda chekechea na 25 kwenda kituoni, kwenda na kurudi. Kwa wiki inakaribia saa tisa na dakika arobaini. Kufika dakika 15 kabla ya kila zamu ni saa mbili na nusu. Kusahihisha, ripoti za wazazi na kikao, saa mbili. Jumla inapita kidogo saa 51. Malipo yako ni dola 390 kwa wiki, na ukiyagawa kwa saa hizo unapata kama dola saba na senti sitini kwa saa moja ya maisha yako, kabla ya kodi. Sisemi ni pesa mbaya. Nasema hiyo ndiyo bei halisi unayouzia muda wako, na ndiyo utakayolinganisha na mshahara wa Moshi, kodi ya chumba, nauli ya ndege na gharama ya kuishi mbali na mkeo.

Hata hivyo jumla ya wiki si kitu kinachowavunja walimu wengi kwenye ratiba za namna hii. Kinachowavunja ni urefu wa siku. Kwa makadirio hayo utatoka mlangoni saa 1:40 asubuhi na kurudi saa 3:25 usiku. Karibu saa 14 akili yako iko kazini, hata kama katikati kuna saa sita uko nyumbani. Kituo hakikupangi hivyo kwa ubaya. Watoto wanapatikana baada ya shule, watu wazima baada ya ofisi, na chekechea zinataka mwalimu asubuhi kabla watoto hawajalala mchana. Arusha ni hivyohivyo: waongoza watalii wanaosoma lugha hupatikana kabla ya kuingia kazini au baada ya saa 11 jioni, na msimu wa Juni hadi Oktoba ukifika wengi hupotea kabisa. Anayefundisha lugha kwa watu wenye kazi hufuata muda wao, popote duniani.

Saa sita za mchana ndizo zitakazoamua kama utadumu. Utafika nyumbani saa 5:05 asubuhi na kutoka tena saa 11:05 jioni. Kula mapema, kabla ya saa 7 mchana. Kisha lala. Vietnam watu wengi hupumzika baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo mtaa unatulia na hakuna atakayekushangaa. Lala dakika 20 hadi 30, au lala saa moja na nusu kamili. Ukiamshwa katikati, dakika ya 50 au 60, mara nyingi unakuwa umetolewa kwenye usingizi mzito, na utaamka na kichwa kizito kuliko ulivyolala. Usivuke saa 9 alasiri, vinginevyo unakula usingizi wa usiku. Andalio la somo lifanye baada ya kuamka, kati ya saa 9 na saa 10:30, kisha kula kitu chepesi chenye protini, yai au karanga au wali kidogo na samaki. Darasa la pili la jioni linaanza saa 1:30 usiku, na mwalimu mwenye njaa huwa mkali bila kujua kwa nini.

Usingizi wa usiku una tatizo lake. Ukimaliza kufundisha saa 3 usiku mwili haulali saa 4. Umekuwa chini ya taa kali, umesimama, umepaza sauti, watu 15 wanakutazama. Moyo na joto la mwili viko juu, na homoni za kukuweka macho bado zinafanya kazi. Kushuka huchukua saa moja na nusu hadi mbili, na simu mkononi huirefusha. Panga kulala saa 5:30 usiku na kuamka saa 12:50 asubuhi. Hizo ni saa saba na dakika ishirini, na usingizi wa mchana unazitimiza. Jumamosi na Jumapili zamu inaanza asubuhi vilevile, basi saa ya kuamka haibadiliki, na hilo ni jambo zuri. Hatari ni Jumatatu: ukilala hadi saa 6 mchana umeisogeza saa ya mwili, na Jumanne asubuhi utailipia. Ongeza saa moja tu.

Kuhusu kahawa, tahadhari. Kahawa ya Kilimanjaro uliyozoea ni arabika. Ya Vietnam kwa sehemu kubwa ni robusta, ile jamii inayolimwa Kagera, na kafeini yake ni karibu mara mbili. Kafeini huchukua saa tano hadi sita kupungua nusu mwilini. Kikombe cha saa 10 jioni bado kina nusu ya nguvu yake wakati unafunga darasa la mwisho. Kunywa asubuhi na kikombe cha mwisho mara tu baada ya chakula cha mchana.

Jambo moja litakudanganya wiki ya kwanza. Hanoi iko mbele ya Moshi kwa saa nne. Zamu ya jioni kwa mwili wako mgeni itakuwa saa 7:45 mchana hadi saa 11 jioni, na utajiona hodari kuliko wenyeji. Mateso yatakuwa asubuhi, kwa sababu kuamka saa 12:50 huko ni sawa na kuamka saa 8:50 usiku Moshi. Baada ya siku kama tano mwili unazoea, asubuhi inakuwa rahisi, na jioni ndipo uchovu wa kweli unapoanza kujitokeza. Usipime kazi kwa wiki ya kwanza. Omba kufika siku tano kabla ya kuanza, na kila asubuhi toka nje kwenye mwanga mapema. Simu kwa mkeo ipange mara tu unapofika nyumbani usiku, maana kwake ni kama saa 11:25 jioni. Nusu saa, kisha zima.

Sasa sauti. Rafiki yako hakukosea. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo kwenye koromeo, na kwa mwanamume hugongana zaidi ya mara 100 kila sekunde unapotoa sauti. Ukipaza, zinagongana kwa nguvu zaidi, zinavimba, na zikivimba sauti haitoki vizuri, kwa hiyo unapaza tena. Hapo ndipo walimu wanapoharibikiwa. Chekechea ni kelele na nyimbo. Ukitumia sauti yako asubuhi kuwashinda watoto, jioni utafundisha watu wazima kwa koo lililokwaruzwa tayari. Saa sita za mchana ni za nyuzi hizo kupona, na hii ni sababu kubwa ya kutozijaza.

Watu wengi wanategemea asali, tangawizi na peremende za koo. Zinatuliza koo, ni kweli, lakini hazigusi nyuzi za sauti, kwa sababu chakula na kinywaji hupita kwenye njia ya chakula, na nyuzi ziko kwenye njia ya hewa. Maji husaidia kwa kupitia mwili mzima, kidogokidogo tangu asubuhi. Chupa nzima dakika tano kabla ya darasa haisaidii. Kunong'ona nako si kupumzisha sauti. Wengi wakinong'ona hukaza koo, na wengine huchoka zaidi. Kukohoa kwa makusudi ili kusafisha koo hugonganisha nyuzi kwa nguvu. Meza mate au piga funda la maji badala yake.

Nunua maikrofoni ndogo ya kichwani yenye spika ya kufunga kiunoni. Walimu wengi Asia huzitumia na hakuna aibu. Nyimbo za watoto ziachie spika, wewe fanya vitendo. Weka ishara ya mkono au kengele ya kuita utulivu, na usianze kuongea mpaka wametulia. Kwa madarasa ya jioni, kati ya dakika 90 usizungumze na darasa zima zaidi ya dakika 30. Muda uliobaki wao wazungumze wawili wawili, wewe ukipita kwa sauti ya kawaida. Hilo linalinda koo na linawafundisha zaidi, kwani wamelipa ili wao ndio waseme Kiingereza.

Wanafunzi wa jioni wanahitaji mpango tofauti na Kidato cha Tatu. Wanafika wamechoka, na wengine wanachelewa kwa foleni, maana saa 11 hadi saa 1 jioni Hanoi barabara hujaa pikipiki. Usiweke jambo jipya dakika kumi za kwanza. Anza na zoezi ambalo mtu anaweza kujiunga nalo akichelewa: maswali mawili ubaoni, waulizane. Jambo jipya liingie kuanzia dakika ya 15, limalizike kabla ya dakika ya 50. Dakika 20 za mwisho ni mazoezi ya kuzungumza au mchezo wenye lugha ileile. Mwalimu anayeeleza sarufi saa 2:45 usiku anajichosha bure, hakuna anayeipokea.

Mpango wa kufundisha mtandaoni mchana uweke kando kwa miezi mitatu ya kwanza, na hata baada ya hapo fikiria mara mbili. Mchana wako wa Hanoi ni kati ya saa 1 asubuhi na saa 7 mchana Tanzania, wanafunzi wa huku wako shuleni au kazini. Kibali cha kazi cha Vietnam hutolewa kwa kazi fulani kwa mwajiri fulani, kwa hiyo ukiongeza mwajiri mwingine ukiwa kule unahitaji kibali kingine cha kazi hiyo. Na hata kama sheria isingekuwepo, utakuwa unachukua muda wa koo kupona na kuuuza kwa pesa ndogo.

Kama ni kuchagua cha kupunguza, angalia zamu za asubuhi. Kwa hesabu ile zinakuingizia dola 120 kwa wiki na zinakula kama saa 15 na dakika 40 zote pamoja. Kwa saa hazilipi vibaya kuliko zile za jioni. Gharama yake iko kwingine: ndizo zinazoirefusha siku hadi saa 14, siku nne mfululizo. Bila asubuhi za chekechea wiki yako inashuka hadi saa 35 na nusu, malipo yanashuka hadi dola 270. Ombi ninalolipenda mimi liko katikati: asubuhi mbili badala ya nne kwa miezi miwili ya mwanzo, tuseme Jumatano na Ijumaa. Utapata dola 330, na kila siku ndefu itafuata siku ya kupumua. Vituo vingi hukubali mazungumzo ya aina hii kabla ya kusaini. Baada ya kusaini ni vigumu.

Kabla ya hapo jipime hukuhuku. Kwa wiki mbili, baada ya shule, fundisha watu wazima kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, Moshi au, kama una pa kulala, Arusha. Andika kila siku ulilala saa ngapi na sauti ilikuwaje asubuhi. Ukifika Ijumaa ya pili unakwaruza, umejibu swali la rafiki yako kwa gharama ndogo.

Kwenye mkataba tafuta mambo haya kwa maandishi. Saa za chini zinazohakikishwa kila wiki, kwa sababu darasa likifutwa mwalimu wa kulipwa kwa saa hubaki mikono mitupu. Malipo wakati wa Tết, mwaka mpya wao wa Januari au Februari, ambapo vituo hufungwa wiki nzima au zaidi. Kipindi cha majaribio: kwa kazi ya kiwango cha shahada sheria yao inaruhusu hadi siku 60, kwa malipo yasiyopungua asilimia 85. Siku moja kamili ya mapumziko kila wiki, ambayo Sheria ya Kazi ya Vietnam ya 2019 inaitambua. Kodi na bima: asiye mkazi, yaani anayekaa chini ya siku 183, hukatwa asilimia 20, mwenye mkataba wa mwaka mmoja au zaidi huchangia pensheni asilimia 8 na afya asilimia 1.5. Uliza dola 15 ni kabla au baada ya makato. Na pasipoti yako ikae kwako.

Sasa viza. Kufanya kazi Vietnam kwa viza ya utalii ni kinyume cha sheria, na anayekamatwa anaweza kutozwa faini na kurudishwa kwao. Kabla ya hapo kuna madhara ya polepole: huna mkataba unaotambulika, kwa hiyo wakikukata malipo huna pa kushtaki. Kibali huombwa na mwajiri. Wewe unaandaa shahada, cheti cha kufundisha lugha, uchunguzi wa afya na cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya makosa, ambacho huhitajika kiwe hakijapita miezi sita. Vyeti vya Tanzania huthibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Vietnam ulioko Dar es Salaam, halafu hutafsiriwa Kivietnam. Kwa sababu ya miezi sita hiyo, cheti cha polisi kichukue mwishoni. Wakala umhakiki kwa TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, kama ana leseni ya kupeleka watu nje. Na shuleni kwako toa notisi ya maandishi. Kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inataka siku 28, labda mkataba wako useme zaidi. Usiitoe kabla kibali hakijatoka.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kama una pumu au kifua kinachosumbua, muone daktari ana kwa ana kabla ya kuamua, kwa sababu hewa ya Hanoi miezi ya baridi huwa chafu, na baridi yenyewe ni ya unyevunyevu. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua, au ukitoa damu, au kumeza kukiuma, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya KCMC hapo Moshi wapo, na ni vyema wakakuangalia hata sasa kama tayari hupoteza sauti kila mwisho wa muhula. Ukiwa huko, ukikosa usingizi usiku mitatu au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu, au ukisinzia juu ya pikipiki hata mara moja, usisubiri likizo. Punguza zamu na muone daktari.

Kwa hiyo jibu langu: kazi yenyewe inabebeka, ikiwa utapata asubuhi mbili badala ya nne, saa za chini za uhakika, na mchana utauacha wazi. Waandikie kituo moja kwa moja, siyo kupitia wakala, uwaulize ombi la kibali litaanza lini na nakala gani wanahitaji. Kituo kinachofuata taratibu kitakujibu kwa orodha ya vyeti. Wakisisitiza uje kwanza na viza ya utalii, kataa, hata kama tiketi wameshakata.